Kilo za Anyesi

"Kaa vizuri, mguu usiguse spoku," Luhaga alisema, akiukaza usukani kwa mikono yote miwili.

Anyesi alijisogeza kwenye keria, akakunja kanga katikati ya magoti, akamshika mumewe kiunoni. "Nimekaa. Twende kabla ng'ombe hawajaja kunywa."

Mbele yao palikuwa na tuta la lambo, udongo uliosombwa na katapila zamani, kimo chake kama nyumba mbili zilizobebana. Pande nyingine zote za Mwamapalala palikuwa tambarare: mbuga, mashamba ya pamba na mtama, na barabara iliyonyooka mpaka macho yanachoka. Luhaga alikanyaga. Tairi likauma udongo, baiskeli ikayumba, ikapanda. Juu waligeuza, wakashuka kwa pumzi moja, wakapanda tena. Mara ya nane mapafu yaligoma, akashusha mguu chini, akikohoa.

"Nane," Anyesi alisema. "Kesho tisa."

Hiyo ilikuwa Januari.

Luhaga alikuwa mpimaji wa pamba katika ghala la chama cha msingi cha ushirika. Kila msimu aliinua mafurushi ya watu, akayaweka kwenye mizani, akasoma namba kwa sauti ili wote wasikie. Jicho lake lilikuwa limezoea kiasi kwamba alitaja kilo kabla mizani haijatulia, na mara chache alikosea hata moja. Wakulima walimpenda kwa hilo.

Mwaka uliopita alishika nafasi ya pili katika mashindano ya baiskeli ya wilaya ya Bariadi, akiendesha baiskeli ya chuma isiyo na gia. Clement, afisa kilimo kutoka Lushoto aliyepanga chumba Somanda, alimfuata akiwa bado anahema. Kwao, alisema, Septemba ya mwaka ujao kutakuwa na mbio za milimani, kilomita tisini. Yeye mwenyewe goti lilikuwa limeharibika, lakini baiskeli yake yenye gia ilikuwa imekaa bure, angemwazima.

"Sasa huku nitajifunzia wapi kupanda?" Luhaga aliuliza.

"Pakia mzigo, kaka. Mlima ni mzigo tu."

Luhaga aliifunga keria baiskeli hiyo ya kuazima, akaanza na gunia la mchanga. Lilihama upande huu na ule, likamwangusha mara mbili, la tatu likapasuka. Anyesi, aliyekuwa akimtazama kutoka jikoni, alikuja akifuta mikono.

"Mimi sihamihami, Baba Nyamizi. Nipakie mimi."

Walimpima ghalani wakicheka: kilo sitini na tisa. Clement aliiandika namba kwenye daftari, na chini yake akaacha nafasi ya kuandika ni mara ngapi Luhaga angepanda tuta.

Februari alipanda mara kumi na mbili. Katikati ya Kwaresima, kumi na saba. Baada ya Pasaka, ishirini na sita, na alipofika juu mara ya mwisho alikuwa bado na pumzi ya kuimba. Clement alikuja Jumamosi moja na saa yake, akatikisa kichwa. "Hii si miguu ya mtu wa mbugani." Anyesi alipiga makofi akiwa palepale kwenye keria. Luhaga alilala akiisikia damu ikitembea mapajani, akijiona amezaliwa upya akiwa na miaka arobaini na moja.

Mezani mkewe alimsogezea ugali. "Kula wewe, mimi nimefunga." Kwaresima ilipoisha alisema tumbo limeshazoea. Luhaga alisikia, akala.

Mwezi Mei ununuzi ulifunguliwa na ghala likajaa watu. Mchana mmoja Anyesi alimletea chakula. Wanawake waliokuwa wakisubiri zamu walimsalimia kwa Kisukuma salamu ya mchana, "Mwadila, mayu," naye akaitikia huku akitafuta mahali pa kuweka bakuli. Nyanjige, mkulima mwenye sauti ya kuvuka mto, alipaza yake.

"Shemeji, mpime na huyu! Mbona kanga inamzunguka mara mbili?"

Watu walicheka. Luhaga naye alicheka. Alijipangusa mikono, akamshika Anyesi chini ya makwapa kama anavyoshika mafurushi, akamwinua.

Mikono ilijua kwanza. Alitaka kumrudisha chini, amwambie Nyanjige kazi ni nyingi, lakini miguu ya Anyesi ilikuwa imeshagusa bati la mizani na namba zikawaka, nyekundu, wazi kwa kila aliyesimama pale. Arobaini na nane.

Hakuna aliyeisoma kwa sauti. Nyanjige aliinama, akaanza kulifunga furushi lake ambalo lilikuwa limeshafungwa. Anyesi alishuka mwenyewe.

"Chakula kitapoa," alisema.

Saa tisa Luhaga alifunga ghala. Walirudi kwa miguu, yeye akiikokota baiskeli katikati yao.

"Tangu lini?"

"Kabla ya Krismasi. Nikila, kinarudi."

"Ulikwenda zahanati?"

"Wilhelmina alinipa barua ya kwenda hospitali Mwanza. Mwezi wa pili." Wilhelmina alikuwa muuguzi, jirani yao wa nyumba ya tatu. "Nilimkataza kukwambia."

Luhaga alisimama. "Mwezi wa pili nilikuwa napanda mara kumi na mbili."

"Kumi na mbili, ndiyo."

"Nikafurahi. Nilikuja nyumbani nikakwambia nimepata nguvu. Na wewe ulijua si nguvu zangu."

"Zako nazo zilikuwemo," Anyesi alisema.

Alitaka kumgombeza. Akaanza kuikokota tena baiskeli.

"Miaka ishirini nakuona unapima vya watu," Anyesi aliendelea. "Nilitaka mwaka mmoja tu uwe na kitu chako. Nikasema, Oktoba nitakwenda Mwanza."

Walikwenda wiki ileile. Baada ya vipimo, daktari aliziinua picha kwenye mwanga wa dirisha, akaeleza polepole kwamba uvimbe ulianzia tumboni na sasa umefika kwenye ini. "Mngekuja mapema kidogo," alisema.

"Kidogo kiasi gani, daktari?"

Daktari alizirudisha picha kwenye bahasha. Luhaga aliendelea kusubiri. Alikuwa mtu wa namba, na aliamini namba ipo.

Nyamizi, binti yao aliyeolewa Kimali, alikuja kumuuguza mama yake. Kila asubuhi Luhaga alimbeba Anyesi nje akaote jua, na kila asubuhi mikono ilimtajia bila kuulizwa: arobaini na moja. Thelathini na nane. Alijaribu kufikiria mambo mengine, mvua, ng'ombe, chochote, lakini mikono haikunyamaza. Mwisho alimwomba Nyamizi wambebe wawili, na hakumwambia sababu.

Anyesi alifariki Agosti, siku ya soko, saa nne asubuhi. Walimzika nyuma ya nyumba.

Clement alikuja msibani, akakaa na wanaume siku tatu. Siku ya kuondoka alisogea ilipoegemezwa baiskeli. "Nitaichukua, kaka. Hakuna atakayekulaumu."

Nyamizi alitoka ndani na begi. "Mama aliniagiza nikufungie nguo za baridi," alimwambia baba yake. "Alisema huko kuna baridi. Sikujua nimwambie nini, nikaitikia."

Luhaga alilipokea lile begi. Kisha akaomba spana, akaifungua keria mwenyewe, nati moja baada ya nyingine.

Lushoto ilimpokea kwa ukungu. Mbio zilipoanza barabara ilipinda ikapanda, ikapinda tena ikapanda, na Luhaga alikanyaga. Aliwapita vijana wenye kofia za rangi, akawapita wenye baiskeli nyepesi zisizopiga kelele. Watu kando ya njia walisoma karatasi kifuani pake, wakaita, "Bariadi! Bariadi!" Miguu ilikuwa kweli imekuwa na nguvu. Hilo ndilo lililomuuma. Kileleni mtu mmoja alimwonyesha vidole: wa kumi na moja.

Halafu njia ikaanguka mbele yake.

Kule kwenye lambo kushuka kulikuwa pumzi moja. Hapa mteremko ulikwenda na kwenda, mawe yakiruka, bonde likiwa wazi upande wa kushoto. Alishika breki mpaka vidole vikafa ganzi. Kwenye kona ya pili alishuka, akaanza kutembea. Wale aliowapita walimpita mmoja mmoja, wengine wakimpigia kelele za kumtia moyo.

Mwanamke aliyekuwa akipalilia kabichi shambani juu ya njia aliegemea jembe lake.

"Umeumia?"

"Hapana, mama."

"Baiskeli imeharibika?"

"Nzima."

Mwanamke alimtazama. "Umetoka mbali?"

"Bariadi."

"Sipajui. Umekuja na nani?"

Luhaga alishika nyuma ya tandiko, pale keria ilipokuwa. Mwendesha baiskeli mwingine alipita, akapotea kwenye kona. Mwanamke akashuka kati ya matuta ya kabichi, akavua mabuti ya mpira yaliyojaa tope, akakaa ukingoni mwa njia na kumwachia nafasi. Ukungu ulikuwa ukipanda kutoka bondeni, ukimeza mashamba ya chini, kisha nyumba za bati, kisha barabara yenyewe.