Jina la Yesubai Ukutani

Bango lilikuwa refu kama mtu, na Dhondiba, mvuta kamba za pazia, hakujua kusoma hata herufi yake moja. Akamvuta Ganpat, muuza tambuu wa mlango wa nyuma wa thieta, amsomee.

"Binti wa Mnara," Ganpat akasoma. "Kampuni ya Bwana Hartnell, moja kwa moja kutoka London. Kwa mara ya kwanza katika India."

"Rudia hapo mwisho."

"Kwa mara ya kwanza katika India. Hata nikirudia mara kumi, kaka, halibadiliki."

Dhondiba akatema tambuu. Mate mekundu yakatua juu ya jina la Bwana Hartnell.

Mara ya kwanza! Miaka kumi na sita nyuma mchezo huohuo ulichezwa hapahapa Bombay, kwenye jukwaa hilihili, kwa Kihindustani, na aliyepanda ngazi za mnara alikuwa Yesubai, mke wake. Baba wa binti, mlinzi wa mnara wa taa ya meli, amefungwa kwa hila za hakimu, dhoruba inakuja, meli ziko gizani; binti anashika kandili na kupanda ngazi arobaini akawashe taa. Kwa Waingereza binti hupanda kimya, fidla zikilia. Yesubai alipanda akiimba. Waliuzungusha mchezo Pune, Nagpur, Hyderabad, wakavuka kwa meli mpaka Rangoon, na kila mji watu wa roshani ya juu, wale wa viti vya rahisi, walipiga kelele "Tena! Tena!" mpaka ashuke apande upya. Nagpur alipanda mara tano siku moja. Magoti yakavimba, Dhondiba akamkanda kwa mafuta ya ufuta.

Wavuta kamba wa thieta ile walikuwa na desturi yao. Wa kwanza kucheza nafasi kubwa, jina lake liliandikwa kwa kumkum, ule unga mwekundu wanaojipaka wanawake walioolewa, kwenye ukuta wa nyuma ya jukwaa. Kabla ya kila onyesho waligusa jina, kisha paji la uso. Jina la Yesubai lilikaa pale miaka kumi na minne. Halafu ikaja tauni, na wakubwa wakaja na askari na ndoo za chokaa. Yesubai walimchukua Jumatatu kumpeleka kambi ya wagonjwa. Mume akazuiwa getini, akaambiwa asubiri. Alisubiri mpaka Alhamisi, akaambiwa amekufa, maiti imeshachomwa. Wiki hiyohiyo ukuta wa thieta ukapakwa chokaa, kwa amri. Kuponya hawakuweza, lakini kufuta, hapo walikuwa hodari.

Akaenda kwa Seth Ardeshir, mwenye thieta.

"Seth, mstari ule wa bango ni uongo, uondoe. Na jina la mke wangu lirudi ukutani kabla ya Jumamosi."

Seth alikuwa anamenya chungwa. "Dhondiba, ule wenu ulikuwa mwigo. Huu ndio wenyewe."

"Ulipokuwa mwigo, Seth, ulikaa kiti cha mbele ukilia kama mtoto aliyeachishwa ziwa."

"Nilikuwa kijana."

"Mke wangu pia."

Seth akaweka chungwa chini. "Bwana Hartnell hataki uchafu ukutani. Nenda kaangalie kamba zako."

"Nitaziangalia," Dhondiba akasema.

Jumamosi alasiri thieta ilijaa. Chini walikaa wakubwa wa serikali na wake zao. Juu walibanana watu wa viwanda vya pamba, makuli wa bandari na mafundi cherehani.

"Una nini leo?" Kadam, mvuta kamba mwenzake, akamnong'oneza. "Umeoga mpaka nyuma ya masikio."

"Nina mgeni."

Sehemu ya tatu, Miss Alford, mwigizaji wa Kiingereza, akashika kandili na kukanyaga ngazi ya kwanza. Kimya. Fidla zikaanza. Roshani ikasubiri, ikasubiri. Kisha huko juu sauti ya mzee mmoja, imekwaruza kama mlango mbovu, ikaanza wimbo wa Yesubai. Ikaja ya pili. Zikaja mia. Fidla zikazama. Wakubwa wakageuza shingo kutazama juu.

Bwana Hartnell akaja nyuma ya pazia uso umeiva, akipiga kelele kwa Kiingereza. Seth akafuata mbio.

"Dhondiba! Teremsha pazia!"

Dhondiba alikwisha kuizungusha kamba mara tatu kwenye nguzo, akaifunga, akakalia fundo.

"Limekwama, Seth."

"Limekwama wapi?"

"Hapa nilipokalia."

"Kadam, mwondoe huyu!"

Kadam akajishika kiuno. "Mgongo, Seth. Tangu asubuhi."

Miss Alford akasimama katikati ya ngazi, akatazama huku na huku. Pazia liko juu, angekimbilia wapi? Akapanda, na miguu yake, apende asipende, ikafuata mwendo wa wimbo. Taa ya mnara ilipowaka, roshani nzima ikanguruma: "Tena! Tena! Yesubai! Yesubai!"

Dhondiba hakulia. Alishalia vya kutosha kule getini. Wimbo ulipokwisha, akafungua fundo, pazia likashuka.

"Kazi huna," Seth akasema.

"Najua."

Akatoa kiunoni kikopo kidogo cha shaba chenye kumkum, cha Yesubai, ambacho ndugu walimwambia akitupe mtoni akakataa. Akachovya kidole. Kuandika hakujua, lakini jina lile aliligusa miaka kumi na minne, na kidole chake kilijua njia kama kilivyojua mafundo. Herufi ya mwisho ilipinda kidogo. Kadam akaja, akaligusa, akagusa paji la uso. Kisha wavuta kamba wengine, mmoja mmoja, wote wanane.

"Chokaa!" Seth akafoka. "Pakeni chokaa hapo, sasa hivi!"

Hakuna aliyesogea. Seth alikuwa amevaa koti jeupe, limepigwa pasi.

"Ndoo ile pale, Seth," Dhondiba akasema. "Brashi imo ndani. Paka wewe. Kikopo changu bado kimejaa."