Chaguo la Kwanza la Clothilde

Shule ya Bellefleur ilikuwa karibu mno na nyumba ya Clothilde Narcisse, hata kengele yake ikilia, maharage mekundu ya Jumatatu yalijipanga mstari sufuriani. Ndivyo wasemavyo majirani, na New Orleans hakuna anayepima maneno kwa kijiko.

Lakini ukaribu huo haukuwa na faida. Mji huu shule haina mtaa. Mzazi hupanga shule nane kwenye kompyuta au simu, ya kwanza mpaka ya nane, kisha kila mtoto hupewa namba ya bahati nasibu. Namba ndogo, bahati kubwa. Clothilde aliitaka Bellefleur kwa ajili ya Eulalie, bintiye wa miaka kumi na moja, aliyepuliza tromboni tangu meno ya utoto hayajamtoka. Bendi ya Bellefleur ikipita kwenye gwaride la Kanivali, hata marehemu hujigeuza kaburini wapate kusikia kwa masikio yote mawili.

Siku mbili kabla ya mwisho wa kupanga shule, jirani yake Odessa, mwenye kijana wa umri uleule, alimkuta barazani na simu mkononi.

"Shoga, usiniambie umeiweka Bellefleur juu!"

"Sasa niiweke wapi, chini ya kitanda?"

"Iweke ya pili! Kila mtu anaikimbilia ile. Ukiikosa, zamu yako imekwenda, wanakutupa kwenye lile shimo la shule lililobadilishwa jina mara nne. Juu weka ile ya ng'ambo ya mto, haina watu. Raundi ya pili ya kugawa nafasi unahamia Bellefleur kiulaini."

"Nani kakwambia?"

"Mpwa wangu kafanya kazi na hao wanaogawa shule. Mimi mwenyewe nimefanya hivyohivyo."

Clothilde akafanya hivyohivyo.

Majibu yalitoka Aprili. Eulalie alipata namba thelathini na nane, na shule ya ng'ambo. Lucien wa Odessa alipata mia moja na kumi na saba, na Bellefleur.

Clothilde alikwenda ofisi ya kugawa shule. Foleni ilikuwa ndefu kiasi kwamba waliosimama mbele walianza na nywele nyeusi. Kijana wa mezani akafungua faili.

"Bellefleur wameishia mia na kumi na saba, mama. Ungeiweka ya kwanza, binti angeingia."

"Na ningeikosa?"

"Mashine ingekupeleka ya pili. Haimwadhibu mtu kwa kutaka anachokitaka."

"Basi nihamishieni raundi ya pili."

"Imejaa, hakuna hata kiti." Akatabasamu, kama walivyomfundisha. "Lakini hongera! Umepata chaguo lako la kwanza."

Alimkuta Odessa akimwagilia maua.

"Uliniambia umefanya hivyohivyo."

"Nilifanya. Halafu nikabadilisha."

"Usinigongee hata mlango?"

Odessa hakuinua macho. "Kungekuwa na viti vya kutosha, shoga, ningegonga."

Tangu Agosti, Eulalie akawa anapanda basi saa kumi na moja na nusu alfajiri. Basi hilo lilizunguka mji mpaka dereva akawa anapiga kura mitaa miwili, kote akihesabiwa mkazi. Shule ya ng'ambo haikuwa na bendi. Tromboni ikaishia chini ya kitanda, na jioni Bellefleur walipofanya mazoezi, Eulalie alifunga dirisha mwenyewe. Clothilde angependa alie.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Anatole, mdogo wake Eulalie. Clothilde aliiweka Bellefleur ya kwanza, akabonyeza, akatoka barazani kupunga upepo. Akapita mama mmoja aliyehamia mtaani juzijuzi, simu mkononi. Binti yake, wa umri wa Anatole, alikuwa akigonga reli ya ngazi kwa vijiti vya ngoma, na alikuwa akigonga vizuri, vizuri mno.

"Samahani, dada," yule mama akasema. "Hii Bellefleur, nikiiweka ya kwanza nitaharibu?"

Clothilde alisikiliza vile vijiti.

"Iweke ya pili, shoga," akasema. "Mimi mwenyewe nimefanya hivyohivyo."