Kicheko cha Jérémie

Albertine alikuwa na miaka kumi na tisa, mwaka wake wa mwisho katika shule ya ualimu, na juma zima kabla ya kuanza mazoezi alikuwa akijifundisha kufundisha mbele ya kabati la mama yake. Kabati halikuuliza swali wala halikupiga kelele. Ndiyo maana alipoingia darasa la tano la Mwalimu Ruphin, katika shule moja ya msingi mtaani Bel-Air, na kuona watoto wamebanana mpaka madirishani, alisimama kwanza mlangoni.

Mwalimu Ruphin alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole. Alizaliwa Lubumbashi, akakulia Lubumbashi, na hakuona haya kuwaambia wanafunzi wake kwamba maishani mwake hajapata kupita uwanja wa ndege wa Luano. Ndege anazijua matumbo tu, zikimpita kichwani. Alimpokea Albertine kwa furaha ya mtu aliyechoka kubeba gunia peke yake.

"Unaona batoto namna beko bengi," alimwambia. "Nifundishe, nisahihishe, niangalie na bale beko na shida? Haiwezekani. Weye utaanza na bale babili kule nyuma."

Wale wawili walikuwa Graciella na Jérémie.

Graciella, binti wa miaka kumi na mmoja, alizaliwa na mwili usiomtii. Mikono ilimpinda na kutikisika, miguu haikumbeba, na kila neno lilimtoka kwa kusukumwa, silabi moja kisha pumzi, silabi nyingine kisha pumzi. Dada yake mkubwa, Benita, alimleta kila asubuhi kwa kiti cha magurudumu na kumwacha nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa sababu kiti hakikuweza kupita kati ya mabenchi. Jérémie, aliyekaa pembeni yake, aliugua surua utotoni na masikio yakabaki mazito. Hakuwa mtoto mkorofi, ila alikuwa na tabia moja iliyomchosha Mwalimu Ruphin. Darasa likiwa kimya, watu wameinamia hesabu, Jérémie hupasuka kicheko peke yake. Basi husimamishwa ukutani, na hata hapo ukutani mabega yake huendelea kucheka.

"Anacheka na nani?" Albertine aliuliza.

"Na mizimu yake," alijibu Mwalimu Ruphin. "Muzoee tu."

Albertine alikuwa na moyo mwema, na moyo wake ulianza kazi mara moja. Alimshika Graciella mkono akaandika nao. Alimfungulia kitabu, akamfungia. Mwalimu akimuuliza Graciella jambo, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, Albertine aliinama, akamtazama mdomo unavyohangaika, akaona huruma, akajibu kwa niaba yake. Watoto waliona ni sawa. "Madame, ule hasemaka," walimweleza, bila ubaya wowote, kama unavyomweleza mgeni mahali choo kilipo. Graciella naye alikuwa akiugeuzia mlango uso wake. Albertine alidhani anatazama mvua.

Kwa Jérémie alikumbuka alivyofundishwa: mtoto asiyesikia vizuri akae mbele, auone mdomo wa mwalimu. Jambo jepesi na la hekima. Alimweleza Mwalimu Ruphin, naye akakubali papo hapo. Jérémie akahamishiwa benchi la kwanza, na nyuma kando ya Graciella akawekwa msichana mtulivu aliyekuwa akiandika siku nzima bila kuinua kichwa.

Kicheko kikakoma.

"Félicitations!" Mwalimu Ruphin alimwambia. "Miye nilimupiga kelele miezi mingi, weye umemaliza shida mu dakika moja."

Jioni ile Albertine alimsimulia mama yake habari hiyo mara mbili, wakila ugali wa bukari na sombe ya majani ya muhogo, na mara ya pili aliiongeza chumvi kidogo.

Lakini kule mbele Jérémie hakuwa akiutazama mdomo wa mwalimu. Shingo ilikuwa imepinda muda wote, akiangalia nyuma, na kila akigeuzwa alirudi kugeuka. Graciella akaanza kusinzia darasani. Jumatatu iliyofuata hakuja. Jumanne hakuja. Katikati ya juma Albertine aliona hawezi kungoja tena. Masomo yalipokwisha akaulizia njia, akaenda kwao.

Aliwakuta uani. Mama yake Graciella, Mama Christiane, alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu kutoka mbali, Kasenga, na alikuwa akiwachambua juu ya gunia, wakubwa huku, wadogo kule. Benita alikuwa anatwanga sombe. Graciella alikuwa ameegemezwa ukutani kwa mito, na alipomwona Albertine akageuza uso.

"Karibu, Madame," Mama Christiane alisema. "Ni yeye anakataa. Asubuhi tukimuvalisha, anakaza mukono. Nilifikiri ni malaria, nikamupeleka kupimisha. Hapana malaria."

Albertine akapiga magoti mbele ya mtoto. "Graciella, juu ya nini unakataa masomo?" Kisha, kwa kuwa kimya kilimtia hofu, akaendelea: "Ni batoto banakucheka? Ni kiti inakuumiza? Ao ni miye, nilikukosea? Ni—"

"Madame," Mama Christiane alimkatiza taratibu. "Umuachie. Bado hata kuanza."

Albertine akanyamaza. Na hapo akaona jambo lililomshangaza: hakuna aliyengoja kwa kutoa macho. Mama Christiane aliendelea na samaki wake, Benita na mchi wake, kuku wakapita, jirani akaita kutoka upande wa pili wa ua akajibiwa. Graciella alikuwa akisema wakati wote huo, akikusanya neno, likimponyoka, akilirudia. Shingo ilimkaza, mkono ukapiga ukuta.

"U... li... mu... toa... Jé... ré... mie."

Albertine akafungua mdomo kujieleza. Mama Christiane akainua samaki mmoja hewani, kama polisi wa barabarani: bado.

"Na... ni... ata... cheka?"

Benita akaacha kutwanga, akaangua kicheko yeye. "Kumbe Madame haujue! Ule mutoto Jérémie anamusoma kinywa. Hasikie, alakini anaona. Graciella anamupatia maneno ya kuchekesha siku yote. Anatunga bantu majina. Mwalimu iko na jina, directeur iko na jina, bote."

"Hata miye?" Albertine akauliza.

Benita akautazama mchi wake. Mama Christiane naye ghafla akaona kazi nyingi kwenye gunia. Lakini Graciella alikuwa amekwisha kucheka hata kabla neno halijatoka, na lilipotoka lilitoka upesi kuliko yote aliyoyasema siku hiyo.

"Re... dio."

Njiani kurudi nyumbani Albertine alilia kidogo, kisha akaacha kulia kwa sababu jina lenyewe lilikuwa la haki. Siku zote zile alikuwa amesema, amejibu, amebembeleza, amemshika mtoto mkono na kuuandikisha. Hakukumbuka hata mara moja aliyokaa akasikiliza. Mtoto ambaye yeye alimdhani hana la kusema alikuwa akilitania darasa zima kwa mtu mmoja. Naye, kwa wema wake, alimnyang'anya huyo mmoja.

Asubuhi alimweleza Mwalimu Ruphin bila kuficha.

"Bon, umurudishe nyuma basi," Mwalimu Ruphin alisema. "Na kicheko kitarudia."

"Kule nyuma hasikie kintu, Mwalimu."

"Sasa unataka nini?"

"Baikale mbele, bote babili."

Mwalimu Ruphin alilitazama darasa lake. Kiti kingepita wapi? Ili kiti kipite, safu nzima ya mabenchi isogee ukutani. Ili safu isogee, meza yake iende dirishani, mahali jua la mchana linapochoma. "Ile meza iko pale tangu nilianza kazi," alisema, kwa sauti ya mtu anayeongea juu ya kaburi la babu yake. Hakusema ndiyo. Lakini wakati wa mapumziko Albertine aliwaita wanafunzi wenye nguvu wakaanza kusukuma mabenchi, na vumbi lilipotulia walimkuta Mwalimu Ruphin mwenyewe ameshika upande mmoja wa meza, anahema.

"Mubebe basi!" aliwafokea. "Munaniangalia nini?"

Jioni Albertine alipeleka habari kwao, na kesho yake Graciella alirudi, akapita katikati ya darasa kwa kiti chake kama mkubwa anayeingia kanisani, akawekwa mbele, kando ya benchi la Jérémie. Kabla ya saa tatu kicheko kilikuwa kimerudi. Mwalimu Ruphin akainua kidole kuelekea ukutani, na hapo Albertine akamwomba ruhusa kwa macho.

"Jérémie," alisema kwa sauti kubwa, akihakikisha anamwona. "Unacheka nini? Hapana weye. Graciella, utuambie."

Haikuwa kazi nyepesi. Darasa halikujua kungoja. Graciella akitoa silabi mbili, sauti kumi zilimmalizia neno, nyingi kwa makosa. Naye alikuwa na dawa yake: ukimkata neno, anarudi mwanzo. Wakimkata tena, anarudi tena mwanzo, bila hasira, akiwatazama. Mwishowe watoto walijifunza kunyamaza kwa kuchoka, si kwa adabu, na Jérémie akawa mlinzi, akigeuka na kuwaonya kwa sauti yake kubwa isiyojisikia, "Hayamaliza!", yaani hajamaliza bado. Siku nyingine mzaha wenyewe haukuchekesha. Siku nyingine somo la sarufi lilikufa kabisa kwa ajili yake, na Mwalimu Ruphin akatoka nje kupunga upepo. Lakini mkono wa Graciella ukaanza kuinuka hata kwa maswali ya hesabu, na alikuwa anajua hesabu.

Ikafika siku ya somo la majaribio. Madame Lydie, mwalimu wa Albertine kutoka shule ya ualimu, alikuja kumpima, akaketi nyuma na saa yake. Somo lilikuwa juu ya jimbo letu: mito, migodi, mazao. Albertine alikuwa amelipanga vizuri, kila swali na dakika zake. Mambo yalikwenda sawa mpaka alipouliza, "Samaki tunaokula Lubumbashi wanatoka wapi?"

"Soko!" walijibu wengine, darasa likacheka.

Mkono wa Graciella ukainuka.

"Sa... ma... ki... ina... toka... Ka... se... nga."

"Vizuri sana!" alisema Madame Lydie kutoka nyuma, kwa wema, ili somo liendelee.

"Hayamaliza!" darasa zima likamjibu.

Graciella alikuwa bado. Shingo ilimkaza, mkono ukapiga kiti. "I... ki... fika... huku..." Dakika zikaondoka. Albertine aliitazama saa ya Madame Lydie. Kulikuwa na migodi ya Kinsevere bado, kulikuwa na mazao, kulikuwa na muhtasari. Kisha akaona jicho la Graciella linamwelekea Mwalimu Ruphin dirishani, na midomo ya Jérémie imeanza kutetemeka, na akajua linalokuja si jiografia. Angeweza kusema asante, akampa mwingine nafasi. Ulimi ulikuwa umekwisha kulishika neno. Aliubana kwa meno, akangoja.

"...ime... tembea... ku... pita... Mwa... limu... Ruphin."

Jérémie akapasuka wa kwanza. Kisha darasa lote, watoto wakipiga mabenchi, na Albertine hakuthubutu kutazama dirishani. Alipotazama, Mwalimu Ruphin alikuwa amefunika uso kwa kitambaa, na tumbo lake lote lilikuwa linatikisika.

"Ni kweli," alisema akijifuta machozi. "Ni kweli kabisa. Samaki inanishinda safari!"

Kengele ikalia kabla ya migodi.

Madame Lydie alimwita Albertine kivulini nje. "Hukumaliza somo," alisema. "Ungemshukuru tu, ukaendelea. Kila mtu angeelewa."

"Yeye angeelewa pia, Madame," Albertine alijibu. "Angeelewa kwamba sikutaka kumsikia."

"Nitasema hukumaliza, kwa sababu hukumaliza," Madame Lydie alisema. "Sitasema ulifundisha vibaya." Na kweli, alama za Albertine hazikuwa za kujivunia, lakini zilitosha, akapata cheti chake mwaka ule.

Kwa Graciella mambo hayakunyooka yote. Mkurugenzi wa shule alikubali afanye mitihani ya mwisho wa mwaka kwa mdomo baada ya Mwalimu Ruphin kwenda kumwomba mara kadhaa. Akapita hesabu vizuri, Kifaransa kwa shida, akaingia darasa la sita. Masikio ya Jérémie yalipimwa hospitalini, wakaambiwa hayatarudi, aendelee kutumia macho.

Muhula uliofuata Albertine alikutana na Benita sokoni, akamwuliza habari za shule. Benita akamwambia kuna mwanafunzi mwingine wa ualimu ameletwa kwa Mwalimu Ruphin, aliyepanda darasa la sita pamoja na wanafunzi wake, kijana mwenye juhudi, mwenye mipango mingi.

"Siku ya kwanza alisema atabahamisha Graciella na Jérémie," Benita alisema, akicheka. "Mwalimu akamuambia: weye, kwanza ikala kwa benchi pale nyuma, juma moja. Usiseme kintu."