Mnong'ono Nyuma ya Pazia

"Nani huyo anayenong'ona?" Dokta Evelina aliuliza, akasogeza uso karibu na kompyuta.

Upande wa pili wa simu ya video, kule Shirati, alikuwa mwanafunzi wake Zadok. Ulikuwa mtihani wake wa mwisho, wa mdomo; akifeli, shahada ya ualimu aliyoisoma miaka yote kwa simu ingemponyoka. Nyuma yake lilining'inia pazia la maua, na sauti ilitoka huko. Kila swali likiulizwa, mnong'ono ulianza kwanza, jibu likafuata.

Evelina, sebuleni kwake Buswelu, alishapigwa changa la macho. Muhula uliopita mwanafunzi mmoja alimficha kaka yake chini ya meza, akapata alama za juu, na idara nzima ikamcheka Evelina. Tangu hapo hata jogoo akiwika kwenye simu ya mwanafunzi, alimshuku.

"Geuza simu nione chumba."

"Siwezi, madam. Ni mama mkwe. Ananiombea."

Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba kwake mtandao haushiki. Unashika hapa tu, kwa wazazi wa mkewe. Na yeye na mama huyo hawaonani uso kwa uso.

Mila hiyo Evelina aliijua. Hata kwao Usukumani, mumewe alikuwa akimwona mama mkwe wake kwa mbali, anaacha njia na kupita majanini. Lakini kisingizio kilikuwa kizuri mno, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi.

"Geuza, ufungue na pazia. La sivyo naandika umefeli."

Zadok alifumba macho. Simu ikageuka: kochi, kalenda ya kanisa, pazia. Mkono wake ukalipapasa, ukalivuta. Bibi mmoja alikuwa amepiga magoti, mikono mitupu. Alijifunika uso kwa kitenge, akainuka, akatoka kwa mlango wa nyuma. Hapakuwa na kitabu wala karatasi. Evelina aliona aibu mpaka masikio yakamchemka.

Akauliza maswali yaliyobaki. Zadok aliyajibu yote, sawasawa, bila mnong'ono, macho yakiwa chini. Katikati ya majibu mvua ilianza kupiga bati huko Shirati.

"Umefaulu," Evelina alisema.

"Asante, madam. Basi niruhusu nitoke," Zadok alisema. "Mama amesimama nje. Hawezi kuingia nikiwa humu, na mvua inamnyeshea."

Kidole cha Evelina kikahangaika juu ya kompyuta, kikitafuta pa kukatia simu.