Beseni ya klore ya mama

Wakati wa Ebola, kaka yangu Salomon alikuwa anapuliza klore, ile dawa ya kuua vijidudu, mu nyumba za bagonjwa hapa Butembo. Alivaa kombinezo ya kufunika mwili wote, glavu juu ya glavu, na bado akirudi kwake alikuwa ananusa mikono, eti atasikia ugonjwa. Woga ilimukula. Mama, mwenye kuishi Mbau na kuuza sombe, majani ya muhogo, alizoea kutusalimia kwa mikono mbili, bila haraka ya kutuachilia. Salomon akaanza kumusalimia tangu barabarani.

Halafu mama akashikwa na homa. Nilimuambia Salomon ni malaria, tumupeleke kituo ya afya. Lakini hakusikia mutu! Aliita ekipe, benzake ba kazi ya Ebola, akashika pompe ya klore yeye mwenyewe, akapuliza nyumba, akachoma matela, godoro yake ya kulalia, na vitenge vya mama mbele ya bajirani. Labo ikapima damu yake, ikatoa jibu: malaria tu. Mama akarudi kulala juu ya mukeka, na bajirani bakaacha kununua sombe yake.

Ebola iliisha. Salomon aliacha ile kazi. Siku ya Noeli alifika Mbau bila glavu, akanyoosha mikono yote mbili, machozi inamutoka. Mama hakuishika. Haikuwa hasira, heri ingekuwa hasira! Aliingia ndani, akatoka na beseni ya klore yenye anatayarishaka kila mara akisikia Salomon anakuja.

"Nawa kwanza, mutoto wangu," alisema. "Sipendi uniogope."