Kinyozi Penye Makutano ya Mito

Mume wangu ni kinyozi, na wateja walimwita Redio. Wengine walikuja na vichwa ambavyo havikuwa hata na nywele za kunyoa, mradi tu wakae kwenye kile kiti chekundu wamsikilize akichambua mpira na ndoa za watu. Kiharusi kilipompiga, mkono ulirudi taratibu, mguu ukafuata. Ulimi ukagoma.

"Mwongeleshe, mama," daktari aliniambia. "Usichoke."

Masikini daktari, hakujua anamwambia nani. Mimi hata nikiwa peke yangu jikoni naongea na sufuria. Nikamwongelesha mume wangu kutwa nzima: bei ya nyanya, jirani aliyemfukuza mpangaji, fundi bomba aliyeondoka na bomba likaendelea kuvuja vilevile. Wanasema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Yangu, matamu kwa machungu, hayakumtoa mzee hata "mh". Alinitazama tu, nami nikiingia kuoga nalia. Nilitamani hata ugomvi wetu. Kugomba peke yako ndani ya nyumba ni upweke mbaya.

Binti yetu ni askari wa wanyamapori, na ndiye aliyetualika kwenye hifadhi ya msitu anakofanya kazi. "Baba akae mahali pazuri," alisema. "Na wewe Mama upumzishe mdomo."

Alitupeleka kwenye kibanda cha mbao, juu kidogo ya mahali mito miwili inapokutana. Mmoja ulikuja na maji ya rangi ya chai ya maziwa, mwingine maji maangavu mpaka mawe yanaonekana. Chini yetu kulikuwa na ufuko mdogo wa mchanga ambapo wanyama hushuka kunywa. Binti yangu, na ile sare na buti, hakuwa mtoto wangu tena, alikuwa serikali.

"Mama, hapa hatuongei. Wakisikia sauti hawashuki."

"Kwani nimesema nini?"

"Ndiyo hivyo unavyosema sasa hivi."

Nikafunga mdomo. Mbega wakaruka mtini, nikaona mzee anatazama kwingine, nikamnong'oneza awaangalie. Wakatoweka. Fisi maji wawili wakaibuka wakigombea samaki. Nikanong'ona tena, wakazama. Binti yangu akanikata jicho. Lakini ningefanyaje? Niliogopa kwamba siku nitakayonyamaza mimi, kimya kitahamia kwetu moja kwa moja na kufunga mlango.

Kisha vichaka vya ng'ambo vikatikisika. Akatoka tembo jike, na nyuma yake mtoto mdogo ambaye bado hajajua mkonga wake ni wa kazi gani. Akautumbukiza majini, akapaliwa, akarudi mbio chini ya tumbo la mama yake. Jamani, nani angevumilia?

"Mzee, umemwona huyo mtoto?" nikaanza. "Kama shemeji yako siku ile alipo..."

"Nyamaza, wewe."

Ulikuwa mnong'ono mkavu, nikadhani ni binti yangu. Nikageuka nimpe vidonge vyake, maana cheo ni cheo lakini mama ni mama. Binti alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, anamtazama baba yake, machozi yanamtiririka.

Mzee hakututazama. Macho yake yalikuwa kwa tembo, uso umekunjamana kwa kazi aliyokuwa akiifanya. "Nyamaza," akarudia. Maneno yaligongana kidogo, lakini ilikuwa sauti ileile aliyokuwa akiwatulizia wateja wanaobishana mbele ya kioo. "Wata... watakimbia."

Tangu niolewe, hakuna mtu aliyewahi kuniambia ninyamaze akalala salama. Safari hii nilitaka kumbusu mbele ya mtoto. Nilitaka kupiga vigelegele msitu mzima usikie kwamba mume wangu amenigombeza. Nikaingiza ncha ya mtandio mdomoni, nikaing'ata. Tembo na mwanawe wakanywa taratibu mpaka wakatosheka, nami nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, maana kwa sauti nilikuwa nimekatazwa.