Sababu za Kikohozi cha Kashata

Jana usiku usingizi ulinichukua nimechoka, na hata ndotoni nilikuwa nimechoka vilevile. Nilikuwa nimekaa kwa daktari wa mifugo, nimempakata Kashata, paka wetu wa miaka kumi na minne. Wiki nzima kikohozi chake kilikuwa kimezidi, hakiniachi nilale.

Daktari Mwanakombo ananiuliza kilianza lini. Kashata anajibu mwenyewe.

"Mwezi wa pili sasa. Najikunyata, nanyoosha shingo, nakohoa, hakitoki kitu. Mama Sekiza hapa amechoka, niulizeni mimi."

"Kwa paka mzee sababu ni nyingi," anasema daktari. "Tutaziondoa moja moja."

Anafungua mlango. Sababu zimekaa kwenye benchi, kila moja na kadi yake.

Minyoo anapimwa. "Si wewe, nenda nyumbani." Anaaga kwa adabu. Moyo anasikilizwa, anadunda sawasawa, naye anaondolewa. Uvimbe, bwana mnene mwenye koti, anasimama mbele ya eksirei. Namtazama huku nimebana pumzi. Kwenye picha hayumo.

"Basi si mimi," anasema, anavaa kofia.

Nataka kulia, lakini hata nguvu ya kulia sina.

Sasa benchi limo ndani ya kifua cha Kashata. Njia za hewa ni nyembamba, tunapita kiubavu. Aliyebaki ni Pumu, mwanamke mwembamba, anahema.

"Ni mimi," anasema. "Lakini sikuja kwa hiari yangu. Nililetwa na moshi."

"Kwangu hakuna moshi. Napikia umeme. Udi nimeacha. Mume wangu aliacha sigara mwaka juzi, aliniapia."

Pumu ananionea huruma.

"Mama Sekiza, mzee wako huvutia sigara jikoni ukishapitiwa na usingizi."

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka. Kando yangu mume wangu alikuwa anakoroma, kwa bidii kuliko kawaida yake.

Nikajikokota hadi jikoni. Nyuma ya ndoo ya unga kulikuwa na kopo la maziwa, na ndani yake kipande cha sigara. Nikakigusa. Kilikuwa bado cha moto.

Nikarudi, nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Baba Sekiza, amka. Leo tunampeleka Kashata kwa daktari. Akiuliza sababu, utajieleza mwenyewe."

Mkoromo ukakatika.